Hemavati na Mashine Iliyokosea Kila Ilipotulia

Ukitaka kumjua Hemavati, ungeanza na kandambili zake. Miaka kumi na mmoja tulifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha mitambo ya simu hapa Bengaluru, na sikuwahi kuona jozi yake iliyoanza na mvua za Juni ikaumaliza mwaka. Soli zililika upande wa nje wa kisigino, kama za mtu anayepanda kilima kila siku, na kumbe kilima chenyewe ni kuzunguka meza. Akifikiri, anatembea. Akisoma, anatembea. Akila, idli ya kwanza, kile kitumbua cha mchele cha mvuke, anaila dirishani, ya pili anaisahau juu ya kabati la mafaili, na Bhatta, mpishi wa kantini, anaikuta kesho yake imekauka kama jiwe la kusugulia miguu.

"Madamu," Bhatta alimwambia siku moja, "kama chakula changu kibaya, nitukane mbele za watu. Usikizike makabatini."

"Si kibaya, Bhatta. Miguu iliniita."

Mimi nilikuwa mtu wa kukaa. Kazi yangu ilikuwa kulehemu: kuunganisha vipande vidogo vya umeme kwenye bodi, kiungo kwa kiungo, bodi kwa bodi, miaka ishirini na sita. Shule nilisoma madarasa saba tu, kule Magadi, mji mdogo jirani na Bengaluru, lakini mkono wangu haukuhitaji la nane. Kiungo nilichokilehemu mimi kiling'aa kama tone la samli, na ukikivuta kwa koleo, koleo ndilo linachoka. Sisemi kwa kujisifu. Wakaguzi waliandika, na karatasi ninazo.

Alipofika alikuwa na miaka ishirini na minne, mhandisi wa programu, maana yake yeye haundi mashine, anaiandikia maagizo. Wiki ya kwanza tu alikuja kwenye chumba chetu cha wanawake wa kulehemu, akachukua chuma cha moto abadilishe kipande mwenyewe, akakishika kusikostahili.

"Binti," nikamwambia, "hicho hushikwa kwenye mpini."

Alicheka na kidole kikiwa mdomoni. Nikampaka mafuta ya nazi, nikamfundisha. Tangu siku hiyo, kila saa nne asubuhi tuligawana kahawa moja kwa glasi mbili, kama watu wa mji huu wanavyofanya. Yeye anapiga funda mbili, anainuka, anakwenda. Mimi nikawa nainywa yote.

Baba yake alikuwa mpokea telegramu huko Tiptur, mji wa minazi. Zamani hizo ujumbe ulikuja kwa milio, na yeye aliusikiliza mpaka mwisho, akauweka wote kichwani, ndipo anaandika. Watoto wasikohoe. "Kwetu tulinyamazishwa sana," Hemavati aliniambia. "Nadhani ndiyo maana miguu yangu imeasi." Lakini kitu kimoja alikirithi kwa yule mzee: kitu kirefu akikisoma mara tatu, hakimtoki.

Basi tuje kwenye mtambo. Ulikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, na ulitengenezwa kwa ajili ya miji midogo, simu mia moja na ishirini na nane. Mtu akipiga, kichwa cha mtambo kinaandika agizo kwenye kumbukumbu: mwunganishe huyu na yule. Kisha bodi nyingine, inayoshika nyaya za watu, inakwenda yenyewe kwenye kumbukumbu, inasoma agizo na kuunganisha. Sasa, kumbukumbu zilikuwa mbili. Iko ile kubwa, ambayo kila bodi inaisoma, nayo ni ya polepole. Na iko ndogo, imekaa ubavuni mwa kichwa chenyewe, ya haraka sana, wahandisi waliiita kache. Zamani kila agizo liliandikwa kote kuwili kwa mara moja, na mtambo ukawa unaburuta miguu. Hemavati ndiye aliyeandika programu ya kubadili mtindo huo: kichwa kiandike kwenye kache tu, kiendelee na kazi, na kache ipeleke kwenye kumbukumbu kubwa baadaye, itakapohitaji nafasi.

Mtambo ukaanza kukimbia. Bwana Shamanna, meneja wetu, alimvisha shali ya hariri na shada la msandali mbele ya kiwanda kizima, akasema binti huyu atakuwa mkuu wa programu kabla nywele zake hazijaona mvi. Hemavati alisimama jukwaani akibadilisha mguu huu na huu kama amekanyaga mchanga wa moto.

Mtambo wa kwanza ukapelekwa Hosakere. Mwezi haukuisha, barua zikaanza.

Mtu anampigia daktari, anapokea fundi wa majeneza. Bibi anampigia mwanawe, anapata ofisi ya mbolea. Baba mmoja alipiga simu kwa wakwe watarajiwa kuwaulizia siku ya posa, akajibiwa na mchinja kuku: "Nije kuchukua wangapi?" Yule baba alitukana, na posa ikataka kuvunjika. Msimamizi wa posta ya Hosakere, ambako mtambo ulikaa, aliandika kwa mkono mzuri wa shule ya zamani kwamba makosa hayo hutokea mchana, kuanzia saa saba mpaka saa kumi, na kwamba watu wamerudi kutumana kwa miguu.

Wahandisi wakaleta pacha wa mtambo ule kwenye maabara, bodi zake tumelehemu sisi sisi. Wakauunganisha na simu za ndani za kiwanda: geti, kantini, ofisi ya meneja, meza yetu, na nyinginezo. Juu yake wakafunga mashine ya kujaribia, inayopiga simu za uongo mia kadhaa kwa dakika, mchana na usiku, haikuzimwa hata Jumapili. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya maabara yetu: mtambo ukivumilia pigo lile, utavumilia mji wowote. Wiki tatu ukapigwa. Kosa halikutokea hata moja.

Ndipo Bwana Shamanna akasema, "Programu ni safi. Mchana Hosakere kuna joto kali. Joto linatanua lehemu, kiungo kibovu kinaachia, simu inapotea. Ni mikono."

Mikono, yaani sisi. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Akatangaza kwamba baada ya sikukuu ya vyombo atapeleka barua makao makuu: chumba cha kulehemu kwa mkono kifungwe, bodi zitengenezwe kwingine, kwa mashine. Sikukuu ilikuwa Jumamosi. Barua ingetiwa sahihi Jumatatu.

Filomena, aliyekaa kushoto kwangu na ambaye hajawahi kukosa la kusema, alisema, "Haya, Kempamma, twende tukalehemu mabati ya kuku."

Mimi sikucheka. Usiniambie kiungo changu kimeachia. Niambie mchuzi wangu umezidi chumvi, niambie mume wangu anakoroma, nitakusikiliza.

Hemavati hakukaa wiki hiyo nzima. Alichukua bodi zetu moja moja chini ya lenzi, akaangalia viungo elfu mbili na zaidi, hakupata kibovu. Akaleta mashine ya kukaushia nywele ya dada yake, akapuliza hewa ya moto kwenye mtambo mpaka plastiki ikanuka. Hakuna kosa. Akawa anakwenda na kurudi kwenye ujia kati ya maabara na chumba chetu, pa, pa, pa, na sisi kumi na mmoja tunasikia kandambili zile kama watu wanaosikiliza daktari nje ya mlango.

"Kaa basi," nikamwambia siku ya Ijumaa. "Unanitia kizunguzungu."

"Dada Kempamma, nikikaa nitaona sura zenu."

Jumamosi ikafika. Siku ya vyombo kwetu haina mchezo. Kila kinachotupa riziki huoshwa, hupakwa manjano na rangi nyekundu, huvishwa maua, kisha huachwa kipumzike. Chuma changu cha kulehemia kililala kwenye jani la mgomba pamoja na koleo. Lori lilivishwa migomba miwili pembeni kama bwana harusi. Vitabu na kalamu pia huwekwa mbele ya picha za miungu, na siku hiyo hakuna anayesoma. Makaratasi ya programu ya Hemavati, fungu nene kama godoro la mtoto, yaliwekwa madhabahuni na nazi juu yake.

Alikuja mbio asubuhi akataka kuendelea na majaribio. Bwana Shamanna alikuwa amefunga dhoti nyeupe, ile shuka ya kiunoni, paji limepakwa majivu.

"Leo hakiguswi chombo, Hemavati."

"Bwana, nusu saa tu. Jumatatu ni keshokutwa."

"Hata dakika. Mashine ya kujaribia nimeizima mwenyewe, nimeivisha maua. Mtambo umebaki unawaka kwa sababu ya simu za ndani. Nenda ukakae na wenzako."

"Makaratasi yangu tu, basi."

"Yana nazi juu, binti yangu. Utaitoa nazi ya mungu?"

Akaja kukaa kwetu. Tuseme aliegesha mwili kwenye kigoda changu, maana goti lilikuwa linatikisika mpaka glasi zikalia. Nje manyunyu ya Oktoba, baridi ya kutaka sweta. Kiwanda kilikuwa kimya, kimya ambacho sikuwa nimekisikia mahali pale tangu sikukuu ya mwaka uliopita. Halua ikachelewa. Nikainua simu, nikapiga namba ya kantini.

"Bhatta? Sisi huku tumekauka. Halua iko wapi?"

"Geti!" sauti ikajibu.

"Acha utani, Bhatta."

"Mama, hapa ni geti. Halua sina, nina ndimu za ibada ya magari na fimbo." Alikuwa Muniyappa, mlinzi.

Nikakata, nikapiga tena, kidole kwa kidole.

"Geti! Mama Kempamma, kama umenipenda sema tu, usizunguke."

"Nina mume, Muniyappa, na ana meno yote."

Wanawake wakaangua kicheko. Goti la Hemavati likasimama. Nililiona likisimama.

"Rudia," akasema.

"Nini? Kwamba ana meno yote?"

"Umepiga namba gani?"

"Ya kantini. Ishirini na mbili. Mara mbili. Mimi namba sikosei."

"Kabla yako, nani alipiga simu, na kwa nani?"

Filomena akasema, "Bwana Shamanna aliongea na geti. Nimepita mlangoni kwake nikamsikia anauliza kama gari lake limeshavishwa maua."

Hemavati akatazama dirishani, mvua ile, halafu akatazama pumzi yake kwenye kioo. "Hapa hakuna joto," akasema polepole. "Hakuna joto hata kidogo. Msiguse kitu. Filomena, usisogeze hata kiti. Mtapiga simu ninapowaambia, moja moja, na katikati tunakaa kimya."

Basi tukapiga. Mmoja anapiga kantini, tunangoja. Mwingine anapiga geti, tunangoja. Bhatta akadhani tumerukwa na akili: "Enyi wanawake, halua inapikwa kwa moto, haipikwi kwa simu!" Hemavati hakuwa na karatasi wala kalamu, alihesabu kwa dole gumba kwenye vifundo vya vidole, kama bibi zetu. Simu kumi na nne. Tano zilikosea, na zote tano zilikwenda kwa yule aliyepigiwa kabla.

Kisha akafumba macho. Midomo ikawa inatembea. Alikuwa anasoma yale makaratasi yaliyolaliwa na nazi, ukurasa kwa ukurasa, kichwani. Nikaangalia chini. Kandambili zilikuwa sakafuni tupu, moja imelala ubavu, na miguu yake imekunjwa juu ya kigoda kama ya mtu anayesali. Karibu saa nzima. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona hivyo, na nitasema kweli, niliogopa. Nilitaka ainuke azunguke.

"Dada Kempamma."

"Nipo."

"Si lehemu yako. Ni mimi."

Hapo ndipo aliponieleza, nami naeleza kama alivyoeleza. Alisema, unaujua ubao wa Bhatta pale mlango wa kantini, anapoandika chakula cha leo? Bhatta akibadili chakula, anabadili kwanza kichwani mwake. Siku yenye watu wengi wanamsukuma, wanampigia kelele, inabidi atoke afute ubao aandike upya. Siku yenye watu wachache haoni haja, chakula kipya kinabaki kichwani mwake, na wewe unayesoma ubao unasoma cha jana. Kache ndiyo kichwa cha Bhatta. Kumbukumbu kubwa ndiyo ubao. Bodi inayounganisha simu haiwezi kusoma kichwa cha Bhatta, inasoma ubao tu.

"Mashine ya kujaribia ilikuwa inausukuma mtambo masaa yote," akasema. "Kache inajaa, inalazimika kushusha kila kitu kwenye kumbukumbu kubwa. Kila kitu kinakuwa sawa. Hosakere mchana watu wamelala. Mtambo umetulia. Agizo jipya linakaa kwenye kache, hakuna cha kulitoa, na bodi inasoma agizo la mtu wa kabla. Si joto, Dada. Ni usingizi wa mchana."

"Na wewe kosa lako ni lipi?"

"Kache haishuki yenyewe kwa wakati unaotaka wewe. Programu inapaswa kuiamuru: shusha agizo hili sasa, ndipo umwite anayelisoma. Hiyo amri ipo, mashine inaijua. Sikuiandika. Niliona inakwenda vizuri chini ya pigo, nikafikiri hiyo baadaye itakuwa kitambo kidogo tu." Akashusha miguu sakafuni. "Shali ile nilivishwa kwa kosa hili hili."

Sasa alikuwa amesimama. Akatembea mpaka dirishani, akarudi bila viatu.

"Naweza kurekebisha kimya kimya," akasema, hakuniangalia. "Bodi mpya zikija, na amri zangu ziwemo. Mtambo utapona, na kila mtu ataamini ni bodi."

"Na sisi?"

"Ninyi mtakuwa nyumbani."

"Kahawa utagawana na nani?"

Hakucheka. Nami sikuwa nachekesha. Filomena alikuwa ameshika msalaba wake shingoni. Nilitaka kusema mengi, nikajizuia, kwa sababu niliona kwamba akisukumwa atakimbia. Aliingiza miguu kwenye kandambili, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia, akatoka hivyo hivyo. Nikamfuata kwa mbali.

Bwana Shamanna alikuwa getini, ameinua boga jeupe lililojazwa rangi nyekundu, tayari kulipasua chini kuondoa husuda.

"Bwana, ngoja kidogo."

"Hemavati, mikono yangu ina boga!"

"Lehemu ni nzima. Kosa ni la programu. Ni yangu."

Akalishusha boga tumboni, kama mjamzito. "Nani kakuambia?"

"Mtambo. Umekosea mara tano asubuhi hii, kwenye baridi. Piga mwenyewe."

Akamsikiliza mpaka mwisho, mvua inamnyeshea. Hakuwa mtu mbaya, niseme haki yake. Alimvuta pembeni, lakini masikio yangu nayo yalikuwa mazima.

"Binti yangu, unajua unachosema? Nilikuvisha shali mbele ya watu mia nne. Jina lako liko makao makuu kwa ukuu wa programu. Rekebisha, nani amekukataza? Lakini bodi tumeshasema ni bodi. Tukisema hivi leo na vile kesho, nani atatuamini?"

"Wanawake wale kumi na mmoja, bwana, ndio wanaojua kwamba si bodi. Na mimi. Na sasa wewe."

"Na ukikosea tena?"

"Chukua mtambo ule ule, bodi zile zile, lehemu isiguswe. Nitaweka amri. Uache siku tatu bila mashine ya kujaribia. Ukikosea, tia sahihi barua yako. Usipokosea, nitaandika barua mimi, kwa jina langu."

Bwana Shamanna aliliangalia boga, akaliangalia jambo lile. Kisha akalipasua kwa nguvu, rangi nyekundu ikaruka mpaka kwenye sari ya Hemavati. "Siku tatu," akasema. "Kuanzia Jumanne. Jumapili hugusi karatasi."

Jumatatu alfajiri nazi ilikuwa imeondolewa. Alipata sehemu arobaini na tatu ambapo amri ya kushusha ilipaswa kuwepo. Aliziandika siku hiyo hiyo akizunguka meza, anasimama anaandika, anazunguka. Jumanne mtambo ukaachwa utulie. Simu zikaenda sawa. Jumatano asubuhi sawa. Sisi tukaanza kupumua. Saa nane mchana Bhatta akaja mwenyewe na mwiko mkononi.

"Simu yangu inasema nina maongezi, na kipokeo nimekiweka chini tangu saa sita. Naongea na nani, mizimu?"

Kosa. La namna nyingine, lakini kosa. Bwana Shamanna aliposikia alikunja ile barua yake na kuikunjua. Filomena akaanza kufungasha vitu vyake kwenye kopo la biskuti. Mimi sikufungasha. Nilikaa kwenye kigoda changu nikaangalia mikono yangu, na mara ya kwanza maishani ikanitia shaka: je, kama ni kiungo kweli?

Kandambili zikaanza, pa, pa, pa, ujia mzima. Zikasimama. Hemavati akaingiza kichwa mlangoni.

"Nimefikiria upande mmoja tu! Kichwa kuandika na bodi kusoma. Kuna kurudi! Bhatta anaweka simu chini, bodi inaandika ubaoni kwamba ameweka. Kichwa kinasoma nakala yake ya zamani kwenye kache, kinaona bado anaongea. Hapo si kushusha. Hapo ni kutupa nakala, ndipo kisome upya."

"Basi tupa!"

"Pole pole, Dada. Ukitupa kabla hujashusha, unatupa na jipya lisiloandikwa popote." Akaondoka tena.

Siku mbili alikagua kila amri ya kutupa, hii kabla, hii baada, na Bwana Shamanna, kwa rehema zake, akaanza kuhesabu siku tatu upya. Mtambo ukatulia siku tatu. Tukapiga simu moja moja, saa za kazi, saa za usingizi. Ya mwisho nilipiga mimi.

"Kantini," akajibu Bhatta. "Na usiniulize halua."

Barua ya kufunga chumba chetu sikuiona tena. Ya Hemavati niliiona, kwa sababu alikuja kuisoma kwangu kabla ya kuitia sahihi. Haikuwa ndefu. Ilisema viungo vya bodi havikuwa na kosa, na kosa lilikuwa la aliyeandika programu, na jina lake likafuata. Tulikaa kwenye vigoda vyetu miaka tisa zaidi, mpaka mashine za kulehemu zilipokuja kweli, na mimi nikaondoka kwa kustaafu, kwa shada, si kwa kufukuzwa kwa kiungo kibovu.

Yeye ukuu wa programu alipewa mwingine. Wakampeleka Hosakere miezi minane, akae posta asikilize simu za mchana, wakasema ni kazi ya ukaguzi. Kila mtu alijua ni nini. Msimamizi wa posta alimpa kiti kizuri kilichosukwa kwa ukindu, na baada ya wiki akaandika barua nyingine kwa mkono ule ule mzuri: simu zimepona, lakini mhandisi wenu anatembea sana, wateja wanadhani jengo lina wadudu wa mbao. Alirudi na jozi tatu zimekwisha, akafanya kazi nasi miaka mingine michache, kisha akaenda kufundisha chuo cha ufundi Tumakuru. Nasikia wanafunzi wake hawajaribu mtambo wowote kwa pigo tu. Lazima kwanza wauache, wakae, wasiguse.

Kila siku ya vyombo, baada ya chakula, wakati jirani wote wamelala, simu yangu hulia. Sisemi haloo.

"Geti!" nasema.

"Dada, bado hawajaurekebisha tu?"

Anacheka, ananiuliza macho yangu, mume wangu, kama Filomena bado ana mdomo. Nami wakati namjibu nasikia nyuma ya sauti yake kandambili kwenye sakafu ya saruji, pa, pa, pa, anakwenda mpaka waya wa simu unapofika, anarudi.

"Kaa basi," namwambia.

"Nitakaa," anasema, na hakai.